Bwawa Likikunjamana, Anza na Ardhi

Karatasi ya vinili iliyotandikwa ndani ya bwawa la kuogelea ikianza kukunjamana, lawama humwendea fundi, na zikimpita fundi humfikia muuzaji wa karatasi. Hapo ndipo hasara kubwa huanzia. Mwenye bwawa huamuru maji yatolewe yote ili karatasi ivutwe upya, na kesho yake hukuta mikunjo imeongezeka, au karatasi nzima imeinuka kutoka sakafuni. Hoja yangu ni kwamba huku bara ya Mombasa, yaani Likoni, Kisauni na Changamwe, uchunguzi wa mkunjo unapaswa kuanza na maji: kwanza maji yaliyo nyuma ya karatasi, kisha dawa iliyo katika maji ya bwawa lenyewe. Mkono wa fundi uje wa tatu. Anayegeuza mpangilio huu hulipa mara mbili.

Karatasi yenyewe ni nyembamba. Za kawaida zina unene wa nusu milimita hadi robo tatu ya milimita, na mita moja ya mraba haifiki kilo moja. Haibebi chochote. Ukuta na sakafu ndivyo vinavyobeba. Kazi ya karatasi ni kuzuia maji yasipite, na kinachoibana mahali pake ni uzito wa maji ya bwawa. Ufundi huu ulienea Marekani baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, kwa kuwa ulikuwa rahisi na wa haraka kuliko kumwaga zege. Pwani yetu imeupokea polepole. Mabwawa mengi ya hoteli za Bamburi na Shanzu ni ya zege na vigae. Vinili imeingia kwa njia mbili: mabwawa madogo ya kuchimbwa katika nyumba za kibinafsi na za kupangisha wageni, na mabwawa ya fremu za chuma yanayosimama juu ya ardhi, ambayo hufungwa na kufunguliwa uani.

Kwa kuwa karatasi hushikiliwa na uzito wa maji tu, kitu chochote kinachosukuma kutoka nyuma kwa nguvu inayokaribia ya maji ya mbele huilegeza. Hewa yaweza kufanya hivyo, lakini mtenda mkuu ni maji ya ardhini. Kinachoamua si wingi wa maji hayo, ni kimo chake. Maji ya nje yakisimama sentimita 1 juu ya maji ya ndani, kila mita ya mraba ya sakafu husukumwa juu kwa nguvu ya kilo 10. Karatasi isiyofika kilo moja haiwezi kushindana nayo. Itaelea, itasogea, na maji ya nje yakishuka italala tena bila kurudi pale pale ilipokuwa. Ziada iliyokosa pa kukaa ndiyo mkunjo unaouona.

Kuna jambo la pwani ambalo vitabu vya mabwawa vya nchi za baridi havilitaji sana. Maji ya chumvi ni mazito kuliko maji baridi. Nyuma ya karatasi kukiwa na maji yenye chumvi kama ya bahari na ndani kukiwa na maji baridi ya kina cha mita moja na nusu, karatasi ya sakafuni huanza kuelea hata kabla vimo havijalingana, wakati maji ya nje yangali karibu sentimita 4 chini ya yale ya ndani. Visima vyetu vingi havina chumvi ya kiwango hicho, kwa hiyo tofauti ni ndogo zaidi, lakini ipo, nayo humwonea mwenye bwawa kila mara.

Basi tutazame ardhi, kwa sababu bara ya Mombasa haina ardhi ya aina moja. Ukitoka ufukweni Kisauni au Likoni unakanyaga mwamba wa matumbawe ya kale, jiwe lile lile linalochongwa matofali ya nyumba zetu. Nyuma yake kuna mchanga na tope la wangwa wa zamani, ambao wanajiolojia wanauita mchanga wa Kilindini. Ukivuka kuelekea magharibi, sehemu kubwa ya Changamwe imekaa juu ya mwamba wa tope lililokauka na kugeuka jiwe katika enzi ya Jurasiki, na juu yake udongo wa mfinyanzi. Maji hupita katika ardhi hizi tatu kwa tabia tatu tofauti, na mkunjo hufuata tabia hizo.

Matumbawe yamejaa vitundu na nyufa. Mvua ikinyesha hunywewa mara moja, na ndiyo sababu mwenye kiwanja huamini hana shida ya maji ya ardhini. Lakini mwamba unaopitisha maji kwenda chini huyapitisha pia kuja juu. Karibu na bahari na kandokando ya mikono ya bahari ya Tudor na Mtwapa, maji ya ardhini hupanda na kushuka pamoja na bahari, kwa kiasi kinachopungua kadiri unavyokwenda ndani. Bahari ya Mombasa wakati wa bamvua hutofautiana takriban mita 3 hadi 4 kati ya kujaa na kupwa. Ushahidi ulio wazi kwa kila mtu upo Bamburi. Machimbo ya kiwanda cha saruji yalichimbwa katika matumbawe hadi sakafu yake ikakaribia sana maji ya ardhini, maji yenye chumvi. Mtaalamu wa kilimo Rene Haller alipoanza kupanda miti pale mwaka 1971, mivinje ilikuwa miongoni mwa michache iliyoweza kuvumilia hali hiyo, na mabwawa ya samaki yaliyokuja baadaye yalikuwa sehemu ya mpango huo huo. Anayetaka kujua chini ya bwawa lake la Bamburi au Shanzu kuna nini, aende Haller Park, ndiyo machimbo hayo hayo, atazame maji yalivyo karibu.

Hata hivyo ni kosa kuisingizia bahari kila mkunjo wa Kisauni na Likoni. Sehemu kubwa ya maeneo hayo iko juu ya ngazi ya matumbawe, mita kadhaa juu ya bahari. Bwawa la kina cha mita moja na nusu lililochimbwa huko halifiki kabisa kwenye maji yanayofuata bamvua. Maji yanayolisumbua hutoka juu: bati la nyumba lisilo na mfereji, uwanja uliowekwa sakafu ya simiti ukielekea bwawani, bomba la kuchujia linalovuja chini ya ardhi, au shimo la maji taka lililo jirani. Hili la mwisho linanihuzunisha zaidi. Katika mitaa iliyobanana ya Mtopanga, Mishomoroni au Bofu, kisima, shimo la choo na bwawa vinaweza kuwa ndani ya ua mmoja. Maji yaliyoinua karatasi yanaweza kuwa yale yale yanayoingia kisimani. Hapo mkunjo umekuwa onyo la afya, na aliyeuvuta ukanyooka bila kuuliza chanzo amewaacha watoto wake katika hatari.

Changamwe ni hadithi nyingine. Uwanja wa ndege wa Moi uko mita 61 juu ya usawa wa bahari. Bamvua haina kauli huko. Lakini mfinyanzi haupitishi maji upesi. Ukichimba shimo la bwawa ndani yake, kisha ukajaza mchanga kati ya ukuta wa bwawa na udongo wa asili, umetengeneza birika lisilo na mlango. Maji ya masika huteremka katika mchanga ule, hukuta mfinyanzi, husimama. Mvua za Mombasa hufikia kilele mwezi Mei, na bwawa la Chaani au Port Reitz linaweza kubaki limezungukwa na maji kwa wiki nyingi baada ya mbingu kukauka. Tena mfinyanzi huvimba ukilowa na hupasuka ukikauka, hivyo sakafu yenyewe husogea. Mkunjo wa namna hii haulali mvua ikiisha. Naona Changamwe ndiyo ngumu kuliko zote kwa karatasi ya vinili, ingawa wengi hudhani ugumu uko ufukweni.

Njia ya kujua ni rahisi kuliko watu wanavyofikiri. Zika bomba la plastiki la inchi 4 lililotobolewa matundu upande wa chini, kando ya bwawa, lishuke chini kidogo kuliko sakafu ya bwawa, ulizungushie kokoto ndogo. Weka kifuniko. Kisha tumbukiza kamba yenye uzito na upime kimo cha maji: asubuhi na jioni, maji yakijaa na yakipwa, kabla na baada ya mvua kubwa. Linganisha na kimo cha maji ya bwawa. Vipimo hivyo vikipanda na kushuka pamoja na bahari, umempata mwenye kosa. Vikipanda baada ya mvua na kukawia kushuka, ni mfinyanzi au mtaro mbaya. Vikiwa juu wakati wa kiangazi bila mvua yoyote, tafuta bomba linalovuja au shimo la maji taka. Bomba likiwa kavu miezi yote, ardhi imesafishika na lawama hiyo, na ndipo uende kwenye dawa.

Mkunjo wenyewe pia husema. Ule wa maji ya ardhini huwa mkubwa, hutokea ghafla, mara nyingi baada ya mvua, na ukiukanyaga sakafu hubonyea chini ya unyayo. Mkunjo wa utandikaji huwapo tangu siku ya kwanza, ukielekea pembeni au kwenye ngazi. Ule wa miguu hukaa mahali pamoja, chini ya ngazi au pale watoto wanaporukia. Wa dawa ni mdogo mdogo na umetapakaa kila upande, hata penye ardhi kavu kabisa, na karatasi ukiigusa huhisi imekuwa pana kuliko bwawa. Huo ndio usiotibika.

Sababu yake ni hii. Vinili hulainishwa kiwandani kwa kuchanganywa na kemikali zinazoifanya inyumbuke. Maji ya bwawa yakiwa na asidi nyingi, pH ikashuka chini ya 7 na kukaa huko, karatasi hunyonya maji na kutanuka, huku vilainishi vyake vikipotea kidogo kidogo. Karatasi iliyotanuka ndani ya bwawa lisilotanuka haina njia ila kukunjamana. Kiwango kinachofaa ni pH kati ya 7.2 na 7.6, klorini kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na alkali ya jumla, ile inayozuia pH isianguke ovyo, kati ya miligramu 80 na 120 kwa lita.

Asidi inaingiaje? Kupitia vidonge vya klorini. Kidonge cha aina ya triklori kikiyeyuka hutoa maji yenye pH ya karibu 3. Kikiachwa kiyeyuke sakafuni, sehemu ile hupauka na kukunjamana peke yake. Kikitumika wiki baada ya wiki bila vipimo, bwawa zima huelekea huko. Klorini ya unga aina ya kalisi hufanya kinyume, hupandisha pH, na watu huijibu kwa kumimina asidi ya kusafishia vigae inayouzwa madukani, mara nyingi kwa kukadiria kwa macho. Asidi ni nzito kuliko maji. Ikimiminwa mahali pamoja hutuama chini, juu ya karatasi. Ipunguzwe kwanza katika ndoo ya maji, asidi ikimiminwa ndani ya maji na kamwe si maji ndani ya asidi, kisha isambazwe huku pampu ikizunguka.

Hapa chanzo cha maji huleta tofauti ambayo fundi aliyesoma vitabu vya ng'ambo huenda asiijue. Mombasa haijawahi kutosheka na maji ya mfereji. Bomba kubwa kutoka chemchemi za Mzima lilikamilika mwaka 1957. Kabla yake mji ulitegemea Marere katika milima ya Shimba, na baadaye visima vya Baricho na Tiwi viliongezwa, lakini bado maeneo mengi ya bara hupata maji kwa zamu. Kwa hiyo bwawa hujazwa kwa kisima, kwa lori, au kwa mvua iliyovunwa. Maji ya kisima cha matumbawe ni magumu, yana chokaa na alkali nyingi. Huzuia pH isianguke, na tatizo lake ni ukoko mweupe ukingoni mwa maji zaidi kuliko mikunjo. Maji ya mvua hayana kinga hiyo. Bwawa lililojazwa maji ya mvua na kutiwa vidonge vya triklori laweza kufikia asidi ya hatari kwa muda mfupi. Anayevuna mvua, jambo ambalo nalisifu katika mji wenye kiu kama wetu, aongeze magadi ya kuoka kabla ya kufikiria vidonge.

Kiu hiyo ndiyo inayonifanya niseme kwa nguvu: usitoe maji ya bwawa ovyo. Bwawa la mita 8 kwa 4 lenye kina cha wastani cha mita 1.4 lina karibu lita 45,000, yaani malori manne na nusu ya lita 10,000. Kuyamwaga ili kunyoosha mkunjo, wakati jirani ananunua maji kwa mtungi wa lita 20 kutoka mkokotenini, ni dhuluma. Na kwa ufundi ni kosa. Maji yakitoka, kilichokuwa kinaibana karatasi kimetoka. Kukiwa na maji ya ardhini itaelea. Kusipokuwa nayo, karatasi iliyozeeka hukauka na kusinyaa juani, na ikijazwa tena hupasuka pembeni.

Tiba ya mkunjo wa maji ya ardhini hufanyika nje ya bwawa. Weka mifereji ya bati, geuza mteremko wa uwanja, ziba mivujo, chimba kisima kidogo chenye kokoto kando ya kina kirefu na utie pampu ya kuzama inayojiwasha maji yakipanda. Huko Changamwe, mchanga uliozunguka bwawa lazima upewe njia ya kutokea, kwa bomba linaloteremka hadi sehemu ya chini ya kiwanja. Bila hilo pampu itafanya kazi milele. Maji ya nje yakishashuka na kubaki chini, subiri. Karatasi mara nyingi hulala yenyewe kwa sehemu kubwa. Mikunjo iliyosalia husukumwa kwa miguu yenye soksi au viatu vya soli laini, ukianzia katikati kuelekea ukutani, maji yakiwa bado yamo. Midogo hunyonywa kwa kile kikombe cha mpira cha kuzibulia masinki. Usitumie koleo wala ncha yoyote.

Kwa joto tumebarikiwa. Katika nchi za baridi mafundi husubiri majira ya joto ili vinili ilainike. Sisi maji yetu huwa ya uvuguvugu mwaka mzima. Miezi ya Januari na Februari, kaskazi inapovuma na mvua ikiwa adimu, ndiyo bora kwa kazi hii, maana karatasi ni laini na ardhi ni kavu kuliko wakati wowote. Anayengoja hadi Aprili amechelewa. Ila joto hilo hilo humdanganya fundi anayetandika karatasi mpya saa sita mchana: hutanuka, huonekana imekaa vizuri, jioni hujivuta kwenye pembe. Wanaotandika karatasi nyeusi ya polithini katika mabwawa ya samaki na ya kuvunia mvua wanalijua hili zaidi. Karatasi hiyo ikipata joto la nyuzi 40 zaidi, na jua la kwetu huweza kulifikisha huko, urefu wa mita 10 huongezeka kwa takriban sentimita 8. Itandikwe alfajiri.

Kuhusu utandikaji sitakaa sana, kwa kuwa kanuni zake ni chache na zinajulikana. Mawe ya matumbawe yana ncha. Yafunikwe kwa plasta au mchanga laini uliochekechwa, kisha kitambaa kizito cha kinga. Ndago ing'olewe pamoja na viazi vyake, maana ncha ya ndago hutoboa vinili. Hewa iliyo nyuma ya karatasi inyonywe kwa mashine wakati wa kujaza. Na mashimo ya mabomba yasikatwe kabla maji hayajafika karibu nayo na mikunjo ya sakafuni haijaondolewa, kwani baada ya hapo karatasi haisogei tena. Kwa bwawa la fremu, jaza sentimita 2 au 3 tu, vua viatu, sukuma mikunjo yote hadi pembeni, ndipo uendelee. Wengi hulijaza usiku kucha wakilala kwa sababu maji ya zamu huja usiku, na asubuhi mikunjo imekandamizwa na tani za maji.

Mkunjo mmoja mdogo sehemu isiyokanyagwa si ugonjwa, uachwe. Ulio njiani huhifadhi uchafu na mwani pale klorini isipofika, hukwaza miguu ya watoto, na hukatwa na brashi ya kusafishia hadi uvuje. Nao ukivuja, maji ya bwawa yenyewe huingia nyuma ya karatasi na kuanza kuisukuma. Kukata mkunjo na kuubandika gundi ni kuutengenezea mvujo huo kwa mkono wako.

Je, vinili yafaa kwa bara ya Mombasa? Kwa bwawa la fremu juu ya ardhi, ndiyo, popote penye kiwanja kilichosawazishwa. Kwa bwawa la kuchimbwa juu ya ngazi ya matumbawe ya Likoni na Kisauni, yafaa iwapo maji ya paa na maji taka yamepangwa mbali nalo. Kandokando ya Tudor na Mtwapa, na katika mfinyanzi wa Changamwe, nisingeishauri bila bomba la kupimia na njia ya kutolea maji vilivyojengwa kabla ya karatasi kuletwa. Wapo watakaosema zege ni salama zaidi huko. Zege nalo husukumwa na maji hayo hayo; likiwa tupu huinuka au kupasuka zima zima, na tiba yake ni ghali mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mwenye kiwanja atakayechimba mwaka huu, awe wa vinili au wa zege, azike bomba la inchi 4 kwanza na alipime tangu kaskazi hadi masika ipite, kabla ya kumlipa fundi yeyote malipo ya kwanza.